Kinundu cha thairoidi kilichoonekana kwa bahati: je, nikubali kuondolewa tezi yote?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47, naishi Mbeya. Mwezi wa pili bajaji niliyopanda ilipinduka, nikapigwa sitiskani ya shingo ili waone kama mfupa umevunjika. Mfupa mzima, lakini ripoti ikasema tezi yangu ya thairoidi ina vinundu viwili. Nikafanya ultrasaundi. Wameandika: kulia kuna kinundu kigumu, urefu milimita 18, upana 14, kina 12, ni cheusi kuliko tezi inayokizunguka, kingo zake laini, hakina chokaa. Kushoto kuna kingine cha milimita 9 chenye vitundu vitundu kama sifongo. Mitoki hakuna. Sina maumivu, nameza vizuri, sauti yangu ni ile ile. Hospitali niliyokwenda wamenipangia operesheni ya kuondoa tezi yote mwezi ujao. Dada yangu anasema nisikubali kuchomwa sindano, kansa ikichokozwa inasambaa. Mwenzangu kazini kaniletea jeli ya mwani, eti inakausha uvimbe. Mama yangu ana rovu tangu mimi ni mtoto. Nifanye nini? Na mama naye apimwe?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana kwa ajali. Umefanya vizuri kuninakilia ripoti neno kwa neno. Wengi huniandikia "nimeambiwa nina uvimbe shingoni" basi, na hapo sina la maana la kuwajibu.

Nianze na operesheni, maana hiyo ndiyo yenye tarehe. Iahirishe. Sisemi uikatae kabisa. Huenda mbele ya safari ukaihitaji, ya nusu ya tezi au ya tezi nzima. Ila kwa haya uliyoandika, leo hakuna anayejua kinundu chako cha kulia ni kitu gani. Wewe hujui, mimi sijui, na aliyekuandikia kitanda hajui. Vipo vipimo viwili vya kutufumbua macho na sioni popote kwamba vimefanyika: kipimo cha damu kiitwacho TSH, na sindano ya kuvuta chembechembe. Kwa tezi ya thairoidi kisu hakitangulii sindano, labda mgonjwa awe anakabwa pumzi, chakula hakipiti, sauti imekauka au uvimbe umekua kwa wiki chache tu. Wewe huna hata moja kati ya hayo.

Kwanza nikuambie jinsi vinundu hivi vilivyo vingi. Daktari akipapasa shingo za watu wazima 100 kwa vidole, atakuta kinundu kwa watano hivi. Akiwawekea watu wale wale mashine ya ultrasaundi, mambo yanabadilika: tafiti mbalimbali zimepata kuanzia 19 hadi 68 katika kila 100, wanawake zaidi ya wanaume, na idadi inapanda na umri. Mkijipanga walimu wote wa shule yenu mpimwe shingo kesho, hutakuwa peke yako mwenye karatasi ya namna hiyo mkononi. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 inasema kati ya vinundu vya thairoidi, vinavyobainika kuwa saratani ni kati ya 7 na 15 katika kila 100, kutegemea umri, jinsia, historia ya ukoo na kama mtu aliwahi kupigwa mionzi shingoni utotoni. Na katika hizo saratani, sehemu kubwa ni aina iitwayo papilari, ambayo kwa kawaida hutembea polepole mno.

Kwa hiyo wewe hukuugua shingo, Mwalimu. Ulianguka na bajaji, mashine ikatazama mfupa, jicho likaangukia tezi. Huenda kinundu kilikuwapo tangu ulipoanza kufundisha.

Mahali unapotoka pana lake la kusema pia. Nyanda za Juu Kusini, kama milima mingi duniani, zina udongo ambao mvua za karne nyingi zimeusafisha iodini, ile tunayoiita madini joto. Ndiyo maana marovu yalikuwa jambo la kawaida Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma. Kama ulisoma huko miaka ya 1980, pengine unakumbuka kumezeshwa vidonge vya mafuta yenye iodini, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea madukani. Tezi yenye njaa ya iodini hujitutumua kufanya kazi, na baadhi ya seli zake huwatangulia wenzao kukua. Matokeo yake ni rovu kama la mama, au vinundu kama vyako. Sina hakika, lakini ningetakiwa kukisia, ningesema vinundu vyako na rovu la mama ni ndugu wa damu.

Hili si hadithi tu, lina uzito katika vipimo. Kwenye maeneo yaliyokosa iodini muda mrefu, baadhi ya vinundu mwishowe hujitangazia uhuru: vinatengeneza homoni bila kusubiri amri. Amri yenyewe ndiyo hiyo TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo kuiambia thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizidisha, ubongo unanyamaza na TSH inashuka. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa kawaida.

Hivyo kipimo cha kwanza kabisa, kabla ya mtu kushika sindano, ni hicho. TSH yako ikiwa chini, njia inabadilika: unapelekwa kwenye picha ya nyuklia, ambako unapewa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi na kamera inaangalia kinundu kinaivuta kiasi gani. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina kitengo cha tiba ya nyuklia. Kinundu kinachoivuta kwa pupa tunakiita cha moto, na cha moto karibu kamwe hakiwi saratani. Hicho hakichomwi sindano, kinatibiwa kwa sababu ya homoni inayozidi na kuusumbua moyo. TSH ikiwa ya kawaida au juu, picha ya nyuklia haina kazi, tunaendelea na ultrasaundi na sindano.

Tahadhari mbili hapa. Kama unameza vidonge vya kukuza nywele na kucha, vingi vina bayotini nyingi (aina ya vitamini B), nayo hudanganya baadhi ya mashine za maabara zikaonyesha TSH ya chini isiyokuwapo. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu. Pili, uliza kama siku ya sitiskani ulidungwa dawa ya kung'arisha picha. Kwa kuangalia mfupa mara nyingi haitumiki, lakini kama ilitumika, ina iodini nyingi sana: inaweza kuvuruga thairoidi kwa wiki kadhaa, na picha ya nyuklia itabidi isubiri mwezi mmoja au miwili.

Sasa tuisome ultrasaundi yako, kwa sababu ripoti imeeleza vizuri halafu ikaishia njiani bila kutoa hukumu. Chama cha madaktari wa picha cha Marekani, American College of Radiology, kilitoa mwaka 2017 utaratibu wa pointi uitwao TI-RADS, na sasa unatumika sehemu nyingi, hata kwetu. Mambo matano yanaangaliwa na kila moja lina pointi zake. Kinundu kimejaa maji au ni kigumu? Kigumu kina pointi 2. Rangi yake kwenye mashine? Cheusi kuliko tezi, pointi 2. Kingekuwa cheusi tititi, 3. Kimelala au kimesimama? Kinachosimama, yaani kina kinazidi upana, kinapewa 3 kwa mkupuo, maana uvimbe mwema hufuata mkondo wa nyama na mbaya hukata kuvuka. Chako kina upana 14 na kina 12, kimelala, pointi 0. Kingo zikiwa na meno meno ni 2, zikitoka nje ya tezi ni 3. Zako laini, 0. La mwisho ni chokaa. Vidoto vidogo vyeupe kama vumbi la chaki vinapewa 3, na hivyo ndivyo vinavyotukosesha usingizi kuliko mabonge makubwa ya chokaa, ambayo yana pointi 1 tu. Wewe huna, 0.

Jumla pointi 4, daraja la nne kati ya matano. Jina la daraja hilo linatisha likisomwa Kiingereza, lakini katika takwimu zilizotumika kuujenga utaratibu huo, vinundu vya daraja la nne vilivyokuwa saratani vilikuwa takriban 9 katika kila 100. Kwa daraja hilo, kinundu kinachofikia milimita 15 kinachomwa sindano. Cha kuanzia 10 hadi chini ya 15 kinafuatiliwa tu. Chako ni 18. Kinastahili sindano. Kingekuwa na maumbile haya haya lakini kina milimita 12, ningekuambia rudi baada ya mwaka.

Ona hapo kwamba ukubwa peke yake hausemi kitu. Kinundu cha daraja la tatu kinaachwa bila sindano hadi kifike milimita 25, na cha daraja la tano kinachomwa kikifika 10. Nimeona watu wakikatwa kwa sababu tu "ni kikubwa", na wengine wakirudishwa nyumbani na kidogo chenye vumbi la chokaa kwa sababu "ni kadogo".

Tuje kwa dada yako. Hofu yake naiheshimu, nimeisikia kwa wagonjwa kutoka Mbeya hadi Mombasa, na haikuzuka hewani. Watu walimwona ndugu aliyechukuliwa kipande cha nyama kwa ajili ya kipimo, miezi miwili baadaye akafariki, wakaunganisha. Lakini kwa kawaida ndugu huyo alifika hospitali saratani ikiwa imeshafika mbali, na sindano ilikuta msiba umeshapiga hodi. Sindano ya thairoidi ni nyembamba, namba 25 hadi 27, nyembamba kuliko ile wanayokutolea nayo damu. Kinundu kusambaa kwa njia ya sindano hiyo ni jambo la nadra sana, na vipimo hivi vimefanywa kwa mamilioni ya watu duniani kwa miongo mingi.

Yenyewe ni ya dakika chache. Unalala chali, mto unawekwa chini ya mabega ili shingo itokeze, daktari anapaka jeli, anakiona kinundu kwenye kioo cha mashine na kuiona ncha ya sindano ikiingia. Anapitisha mara mbili, tatu, wakati mwingine nne. Utaombwa usimeze mate wala kuongea sindano ikiwa ndani. Kwa mwalimu kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Baadaye panaweza kuvilia damu kidogo na kuuma siku mbili. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema mapema.

La kusisitiza ni ichomwe chini ya ultrasaundi, si kwa kupapasa. Kinundu chenye kina cha milimita 12 daktari anaweza kukikosa akichoma kwa kubahatisha, na hapo utapewa jibu la nyama ya pembeni. Na kabla hujalipa, uliza nani atasoma vioo vya maabara ambamo chembe zako zitapakwa: awepo daktari wa patholojia aliyezoea thairoidi. Mara nyingi kinachoharibika si sindano bali kioo, chembe zimekauka vibaya au damu imejaa tele hakuna cha kusoma. Ili jibu likubalike, msomaji anahitaji kukuta angalau vikundi sita vya seli za tezi, kila kimoja chenye seli kumi au zaidi.

Jibu litakuja kwa namba, moja hadi sita. Utaratibu huo unaitwa Bethesda, kwa jina la mji ulio jimbo la Maryland, Marekani, walikokutana wataalamu mwaka 2007. Namba moja maana yake hawakuona cha kutosha. Si mbaya, si nzuri, unarudia. Namba mbili ni kinundu chema, na vingi huangukia hapo. Toleo la mwaka 2023 linaweka uwezekano wa saratani kwenye namba mbili kuwa 4 katika 100, na hata hiyo imekuzwa, kwa sababu inahesabiwa kwa watu waliofanyiwa operesheni tu, nao si wagonjwa wa kawaida. Ukipata mbili, operesheni inafutwa. Unarudia ultrasaundi baada ya miezi 12 hadi 24, ikiwezekana mashine ile ile, na tunaangalia kama kimeongezeka kwa asilimia 20 katika viwili kati ya urefu, upana na kina, na si chini ya milimita 2. Milimita moja si ukuaji. Ni mkono wa mpimaji.

Namba tano na sita ziko wazi upande wa pili: uwezekano ni takriban 74 na 97 katika 100, hapo daktari wa upasuaji ana kazi.

Katikati ndiko kwenye shida, namba tatu na nne. Namba tatu ina maana seli zina sura isiyoeleweka, uwezekano wa saratani kama 22 katika 100. Mara nyingi tunarudia sindano baada ya muda, na wengi wanaporudia hupata jibu lililonyooka. Marekani kuna vipimo vya vinasaba vya kusaidia hapa, lakini kwa bei yake sitakudanganya kwamba ni njia ya mshahara wa mwalimu. Namba nne, uwezekano kama 30, ni uvimbe wa folikula, yaani wa vile vifuko vidogo vinavyotengeneza homoni ndani ya tezi. Hapa watu huwalaumu madaktari kwa kutojua, na si haki. Uvimbe mwema wa folikula na saratani ya folikula vina seli zinazofanana kama mapacha. Tofauti ni kama umetoboa gamba lake na kuingia kwenye mishipa. Sindano inavuta seli, haioni gamba. Kuonja mchuzi hakukuambii kama sufuria limetoboka. Hapo ni lazima kitolewe kizima kikaangaliwe, na kinachotolewa ni upande mmoja wa tezi, si yote. Kwetu kwenye historia ya upungufu wa iodini namba hii haipuuzwi, maana aina ya folikula huchukua nafasi kubwa kidogo kuliko kwenye nchi zilizoshiba iodini.

Na hata likija jibu la papilari, tezi yote si lazima. Kwa saratani ya papilari kati ya sentimita 1 na 4, iliyobaki ndani ya tezi na bila mitoki, miongozo ya 2015 inaruhusu kuondoa upande mmoja tu. Chako ni sentimita 1.8. Kwa hiyo hata katika hali ambayo unaiogopa zaidi, swali la "yote au nusu" lingekuwa bado mezani. Ndiyo maana nashangaa limeshafungwa kabla ya sindano.

Kwa nini nang'ang'ania nusu? Nyuma ya tezi, kila upande, hupita mshipa wa fahamu unaoendesha kamba za sauti. Ukiguswa, sauti inakauka, kwa muda au moja kwa moja. Ukitoa nusu unauhatarisha mmoja. Ukitoa yote unaihatarisha yote miwili, na kazi yako ni kusimama mbele ya watoto na kuongea. Halafu kuna tezi nne ndogo kama punje za dengu zilizojibanza nyuma ya thairoidi, zinazosimamia kalsiamu mwilini. Zikiondoka au zikikosa damu, midomo na vidole vinakufa ganzi, misuli inakakamaa, na unaishi kwa vidonge vya kalsiamu. Mwisho, bila tezi yote ni levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, kila asubuhi tumbo tupu hadi siku ya mwisho, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Ni dawa nzuri na rahisi, lakini isipokuwapo duka la dawa la karibu, au ukiishiwa hela ya mwezi, mwili unajua. Wanaotolewa nusu wengi hawaihitaji.

Dunia ililipia somo hili zamani. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Bern, Uswisi, nchi nyingine ya milima na marovu, alikuwa fundi wa kuondoa tezi hii kuliko wote wa wakati wake. Mwaka 1883 aliwaita wagonjwa wake wa zamani awatazame, akakuta wengi wa wale aliowatoa tezi yote wamevimba uso, wamekuwa wazito wa mwendo na fikra, watoto wamedumaa. Hakuficha. Aliandika, akaacha kuondoa tezi nzima kwa rovu la kawaida, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya tezi hii. Siku hizi tuna kidonge ambacho yeye hakuwa nacho, lakini funzo lake halijachakaa.

La karibu zaidi ni Korea Kusini. Serikali ilianza mpango wa kupima saratani mwaka 1999. Thairoidi haikuwa kwenye orodha, lakini hospitali ziliiongeza kwa ada ndogo, na watu wakaona kwa nini wasipime. Kufikia mwaka 2011 saratani za thairoidi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993: zaidi ya watu 40,000 kwa mwaka mmoja. Vifo? Vilibaki pale pale, 300 hadi 400 kwa mwaka. Kama kweli walikuwa wanaokoa watu, vifo vingeshuka. Karibu wote waliogunduliwa walikatwa, na katika waliokatwa, takriban 11 katika 100 walibaki na tatizo la kalsiamu na wawili na kamba ya sauti iliyopooza. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa huko lilijitokeza hadharani kupinga upimaji huo, na ndani ya mwaka operesheni zikapungua kwa theluthi moja hivi. Wala haishangazi: huko Ufini, mwaka 1985, wataalamu waliikata tezi vipande vyembamba kwenye maiti 101 zilizofika kwao moja baada ya nyingine, na 36 walikutwa na saratani ndogo ya papilari ambayo haikuwa imemsumbua mtu maishani.

Wajapani walichagua kitu kingine. Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, ilianza mwaka 1993 kuwaambia wagonjwa wenye papilari isiyozidi sentimita 1: tukuangalie tu. Katika ripoti yao ya wagonjwa 1,235, baada ya miaka 10 ni 8 tu katika 100 ambao uvimbe ulikua kwa milimita 3 au zaidi, na chini ya 4 walipata mitoki yenye saratani. Hakuna hata mmoja katika hao 1,235 aliyefariki kwa saratani hiyo. Chako ni kikubwa kuliko vya Kobe, kwa hiyo sikupi habari hii kama ruhusa ya kukaa. Nakupa ili ujue kwamba miezi miwili ya kusubiri TSH na sindano haitakudhuru.

Naona miji yetu ikianza kufuata Korea kwa mlango wa nyuma, kwa vile vifurushi vya "pima mwili mzima" ambavyo shingo imewekwa katikati ya ini na figo. Wakati huo huo, wodini bado tunapokea mama wa kijijini mwenye uvimbe wa miaka, mgumu kama jiwe, ulioshika koo. Mashine ipo kwa asiyeihitaji. Basi, niendelee.

Ikifika siku ambayo operesheni inahitajika kweli, muulize daktari bila aibu anafanya thairoidi ngapi kwa mwaka. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliona madhara yanapungua kwa wanaofanya zaidi ya 25. Si lazima umsake mtu kwa namba hiyo, ila anayefanya mbili kwa mwaka asijifunzie kwenye sauti yako. Omba pia kamba za sauti ziangaliwe kabla.

Jeli ya mwani mrudishie mwenzako, kwa upole. Mwani una iodini, kwenye chupa ile hakuna anayejua ni kiasi gani, na kinundu kilichokwisha kujitangazia uhuru kikipewa iodini nyingi kwa ghafla kinaweza kumwaga homoni: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda. Chumvi ya kawaida yenye madini joto inatosha. Kabeji na mihogo kula bila hofu. Mihogo ilihusishwa na marovu kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, ambako watafiti walikuta watu wanaokula mihogo isiyoandaliwa vizuri karibu kila siku na iodini hakuna kabisa. Hiyo si sahani yako. Na mtu akikupa levothairoksini ili "kusinyaza kinundu" huku TSH yako ni nzuri, kataa. Zamani tuliitoa sana, mimi mwenyewe nimeiandika. Inafanya kazi kidogo, na kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi inachosha moyo na kulegeza mifupa.

Kile cha kushoto, cha sifongo, kisahau. Pointi zake ni sifuri, na sura ya sifongo ni kati ya zile zinazotuliza kabisa. Kitaonekana tena wakikupima cha kulia, wasikichome.

Mama usimpeleke ultrasaundi kwa sababu tu wewe umekutwa na hiki. Muulize mambo matatu: akilala chali anapumua vizuri, ugali unashuka, sauti ni ile ya siku zote? Mtazame wewe mwenyewe kama rovu limekua mwaka huu kuliko lilivyokuwa miaka yote. Kama majibu yanaridhisha, anachohitaji ni TSH mara moja, kwa sababu rovu la miaka mingi linaweza kuzidisha homoni taratibu, na kwa mtu mzima dalili pekee inaweza kuwa moyo unaodunda ovyo na kukonda ambako kila mtu anasema ni uzee. Akienda kliniki ya presha, damu ile ile wanayomtoa inatosha.